Siku Sita za Kofia ya Mzee Taratibu

Kila Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, mashine ya Mama ya kusaga nafaka ilizimwa, na mtaa mzima ukarudishiwa masikio yake. Siku nyingine mashine ile iliunguruma kiasi kwamba kuku wa jirani walitaga mayai yaliyokwisha kukorogwa. Kwa hiyo iliponyamaza, watu walishtuka, wakatoka milangoni kuulizana nani amefariki.

Hakuwa amefariki mtu. Ilikuwa saa ya kusafisha shimo.

Chini ya mashine palikuwa na shimo la kumfika mtu kifuani. Humo ndani mkanda mpana wa mpira ulizunguka kutoka kwenye mota hadi kwenye kinu. Pumba na vumbi la unga vilijaa humo wiki nzima, na visipoondolewa mkanda huteleza au hushika moto. Aliyeingia kusafisha alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Taratibu, aliyeanza kazi pale tangu enzi za babu, baba yake Mama. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Alitembea taratibu, akala taratibu, na akizungumza ungeweza kwenda dukani ukarudi ukamkuta kwenye sentensi ileile. Watu husema konokono alimpita siku moja njiani, akageuka kumwomba radhi.

Kabla ya kuingia shimoni, Mzee Taratibu alivua kofia yake ya kitambaa cha kijivu, akaitundika kwenye mkono wa swichi kubwa ukutani. Hiyo ndiyo sheria aliyoiacha babu: kofia kwenye swichi, mtu shimoni. Aliyeitundika ndiye anayeiondoa. Mwingine haigusi, hata paa likiungua. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini watoto wa wateja waliijua kabla ya kujua kuhesabu hadi kumi.

Kamusi aliijua kuliko wote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, binti pekee wa Mama mwenye mashine. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu ukimuuliza maana ya neno, alikujibu kabla hujafunga mdomo. Kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kukusanya nguo za kazi na kuzifua: aproni mbili, vitambaa vya kuzibia pua, na kofia.

Jumamosi hiyo alikuwa na haraka. Rafiki yake Kiroboto, aliyeruka kamba kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, alikuwa uani anamngoja.

“Kamusi! Ukichelewa naenda na wengine!”

“Nakuja! Bado kofia tu!”

Kofia ilikuwa kwenye swichi. Kamusi aliitazama. Nyuma ya ukuta, maji ya bomba yalikuwa yakimwagika. Akajiambia, huyo ni Mzee Taratibu ananawa, ameshatoka, amesahau kofia yake. Kuinama na kuchungulia shimoni kungemchukua muda wa kupiga chafya moja. Hakuinama. Aliichomoa kofia, akatoka mbio, akaitumbukiza kwenye beseni la povu.

Aliyekuwa bombani ni Kiroboto, anakunywa maji.

Wakati huohuo Mjomba, ndugu yake Mama, ambaye ndiye aliyeendesha mashine, alirudi kutoka kunywa chai. Wateja watatu walikuwa wamepanga madebe yao mlangoni, na mmoja wao alikuwa ameanza kulalamika. Mjomba akatazama swichi. Haikuwa na kofia. Akausukuma mkono wa swichi juu.

Mota ikakoroma. Halafu, kutoka chini ya sakafu, ikatoka sauti ambayo Kamusi hakuwahi kuisikia kwa Mzee Taratibu. Ilikuwa sauti ya haraka.

Mkanda ulikuwa umeshika shati lake na kuuvuta mkono uliokuwa ndani yake. Bahati yake, mkanda wenyewe ulikuwa umechakaa. Uliruka kutoka kwenye gurudumu, ukapiga ukuta kama mjeledi, na Mjomba akawahi kuzima. Walimtoa mzee akiwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu, isipokuwa mkono wa kushoto, ambao ulikuwa mwekundu na umepinda mahali pasipo na kiwiko. Mteja aliyekuwa analalamika ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake.

Mjomba alimgeukia Mama. “Hapakuwa na kofia, dada. Haki ya Mungu. Ningeona kofia ningegusa?”

“Sasa kofia iko wapi?” Mama aliuliza.

Uani, Kamusi alisimama mbele ya beseni. Kofia ilikuwa inaelea, imejaa hewa, kama kichwa cha mtu aliyezama.

Kutoka pale hadi kwa Mama palikuwa na hatua kumi na mbili. Hadi chumba cha kubadilishia nguo, hatua nane. Kamusi alichagua nane. Aliikamua kofia, akaitundika kwenye msumari wa Mzee Taratibu, mahali anapoiacha siku asizoingia shimoni. Na kwa kuwa bado ilikuwa na majimaji, alichota unga uliomwagika sakafuni akainyunyizia.

Baada ya dakika tano Mjomba akapaza sauti. “Iko huku! Iko kwenye msumari wake! Mzee hakuitundika kabisa!” Alikuwa karibu kulia kwa kupata nafuu.

Mama aliichukua akaiminya. “Mbona inanata kama kinyunya?”

“Jasho, dada. Mzee yule hutoka jasho hata akipiga miayo.”

Mama aliiangalia kofia kwa muda, akaiweka mezani. Kamusi akashusha pumzi. Alidhani jambo limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linavaa viatu.

Jumapili Mama na Kamusi walikwenda hospitali. Mzee Taratibu alikuwa amelala, mkono wote umefungwa plasta.

“Mzee wangu,” Mama alisema kwa upole, “ulitundika kofia?”

“Ni-li-tun-di-ka.”

“Imepatikana kwenye msumari.”

Mzee alitazama dari. Muuguzi alipita na toroli la dawa, akaenda hadi mwisho wa wodi, akarudi. Ndipo mzee akasema, “Niliuona mkono wangu ukiitundika kwenye swichi.”

“Miaka thelathini umekuwa ukiitundika,” Mama alijibu. “Labda unaikumbuka Jumamosi nyingine.”

Kamusi alihesabu vigae vya sakafu. Alifika kumi na saba, akapotea, akaanza upya.

“Labda,” alisema Mzee Taratibu.

Kufikia Jumatatu, habari zilikuwa zimefika hata kwa watu wasiokula unga. Mbele ya mashine wateja walipanga foleni ya madebe, na juu ya madebe wakapanga maneno.

“Uzee hauna dawa.”

“Mimi nilijua zamani. Juzi alinisalimu mara mbili!”

“Mara mbili? Huenda alianza ya kwanza mwaka jana, akaimaliza juzi!”

Wakacheka. Kamusi alipita katikati yao akiwa na mkoba wake wa shule. Hakuna aliyemtazama, lakini yeye alihisi kila jicho limemgandia mgongoni.

Darasani siku hiyo palikuwa na kazi mpya. Mwalimu wa Kiingereza waliyemwita Mwalimu Nukta, kwa sababu kila alipomaliza sentensi aligonga chaki mezani, alileta kopo lililojaa vikaratasi. Kila mwanafunzi angechota neno moja, na Alhamisi angesimama kueleza maana yake na kutoa mfano wa mtu. “Mfano wa mtu mwenye damu,” alisisitiza. “Simba na sungura waacheni porini.” Akagonga chaki.

Kamusi alichota. Karatasi yake iliandikwa: *despicable*.

“Hilo halimo kichwani mwangu,” alikiri, na darasa zima likashangilia kwa sababu jambo hilo halikuwahi kutokea.

Mwalimu aliliandika ubaoni. “Hili ni neno la kulaani ubaya,” alisema. “Linamwelezea mtu mwenye tabia duni, ya chini, hata ukimwona unataka kugeuza uso. Nani ana mfano?”

“Kaka yangu!” kijana mmoja wa nyuma akadakia. “Anamaliza nyama yote!”

“Huyo ni mlafi. Mpunguzie sahani.”

“Mwizi wa kuku?”

“Inategemea. Mwenye njaa akiiba kuku, ni mwizi. Lakini tuseme kuku ni wa kipofu. Na kipofu huyo amekuita wewe, kwa sababu anakuamini, umsaidie kuwahesabu kuku wake. Wewe ukaficha mmoja, ukamwambia, ‘Babu, umekosea, walikuwa tisa tangu mwanzo.’ Hapo ndipo neno hili hutumika. Halitumiki kwa aliyeteleza. Aliyevunja sahani halimhusu. Linamhusu anayejua anachofanya na anaendelea kukifanya, hasa kwa mtu asiye na namna ya kujitetea.” Akagonga chaki, na Kamusi akaruka kwenye kiti kama aliyepigwa yeye.

Jumatano, Mama alimtuma ampelekee Mzee Taratibu unga nyumbani, kwa kuwa alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali. Kamusi alimkuta kwenye kigoda, amefunga nyuzi tatu za rangi kwenye vidole vya mkono mzima. Ukutani, kwa mkaa, palikuwa na maandishi: MLANGO. JIKO. DAWA.

“Nyekundu ni mlango,” mkewe alieleza kwa sauti ya chini. “Akifunga mlango, anafungua uzi. Akikuta uzi umefunguliwa anasema labda kaufungua kwa kusahau, anakwenda kuangalia mlango tena. Jana alikwenda mara tisa. Mtu huyu, mwanangu, alikuwa hasahau hata deni la peremende alilonidai tukiwa wachumba.”

“Kamusi,” mzee aliita. “Una ki-chwa kizuri wewe. Njoo unipime.”

“Nikupime nini, Mzee?”

“Chochote. Uliza.”

“Saba mara nane?”

Mzee alifikiri. “Ha-msini na sita.” Kisha akamtazama kwa macho ya mtoto anayeogopa kugombezwa. “Ndiyo? Au nimekosea?”

“Ndiyo, Mzee. Umepata.”

“Huniambii tu ili nifurahi?”

Kamusi aliweka unga chini akakimbia, na nyuma yake akasikia mzee akimuuliza mkewe, “Nimesema ha-msini na ngapi?”

Alhamisi alisimama mbele ya darasa. Alikuwa ameandika sentensi yake mara kumi na moja, na kila alipoifuta ilirudi ileile. Akaisoma: mtu duni ni yule anayefanya kosa, kisha akalichukua kosa hilo akaliweka kichwani mwa mwingine, na kumwacha mwenye kichwa aamini ni lake.

Mwalimu Nukta alisahau kugonga chaki.

“Kumi kwa kumi,” alisema hatimaye. “Umelielewa neno hili kama mtu aliyekaa nalo chumba kimoja.”

Wakampigia makofi. Walipotoka nje, Kiroboto alimrukia begani. “Kumi kwa kumi, Kamusi! Lakini hebu, nilitaka kukuuliza. Siku ile ya ajali, si ulisema uani, ‘bado kofia tu’?”

Jua lilikuwa linawaka, lakini Kamusi alihisi baridi ikimpanda miguuni.

“Nilisema aproni.”

“Una hakika? Mimi nilisikia kofia.”

“Aproni, Kiroboto. Umesahau.”

Kiroboto alikuna kichwa, akacheka. “Haya bwana. Basi na mimi uzee umenianza.”

Akaruka akaenda zake. Kamusi alizunguka nyuma ya madarasa, akakaa peke yake. Wa kwanza kufanywa akitilie shaka kichwa chake alikuwa mzee. Sasa alikuwa na wa pili. Na alikuwa ameona jinsi ilivyokuwa rahisi safari hii.

Ijumaa alasiri, aliporudi kutoka shule, mashine ilikuwa imezimwa. Alishtuka, maana haikuwa Jumamosi. Ndani, Mama alikuwa amesimama mezani, Mjomba ameegemea magunia. Katikati yao, mkono wenye plasta umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alisimama Mzee Taratibu. Mezani aliweka ufunguo wa stoo.

“Mzee, hujafukuzwa,” Mama alikuwa akisema. “Nimesema tu shimoni usiingie tena. Utashona magunia hapo mlangoni. Umekaa kivulini, unapiga soga na wateja.”

Mzee akatikisa kichwa. “Nitashona gunia na ki-dole cha mtu ndani yake. Mama, mtu asiyekiamini kichwa chake ha-fai karibu na mashine. Safari hii ulikuwa mkono wangu. Safari ijayo?” Akamtazama Mjomba. “Nitamuua huyu ki-jana. Bora niende kwa mwanangu, nikae kwenye kiti, wanifungie mlango wao.”

“Basi lako ni lini?” Mjomba aliuliza.

“Kesho.”

Kamusi hakumbuki miguu yake ilivyomfikisha mezani.

“Uliitundika,” alisema.

Wote watatu wakageuka.

“Uliitundika kwenye swichi, Mzee. Mimi niliiondoa. Nilitaka kuifua. Nilisikia maji nikadhani ni wewe, na sikuchungulia. Halafu… halafu nikaipeleka kwenye msumari. Haikuwa jasho, Mama. Ilikuwa sabuni.”

Mjomba alikaa chini ghafla, juu ya gunia lililofunguka, akazama hadi kiunoni, na hakuna aliyecheka. “Siku sita,” alinong'ona. “Siku sita nasema afadhali si kosa langu, ni lake. Na mzee wa watu ananiambia pole.”

Uso wa Mama ulikuwa umefungwa kama duka la siku ya msiba. Wakamsubiri Mzee Taratibu, na kumsubiri Mzee Taratibu ni kazi ya kulipwa mshahara. Midomo yake ilisogea, ikatulia, ikasogea tena.

“Kwa hiyo,” alisema, “Ju-mamosi, mkono wangu ulifika kwenye swichi?”

“Ulifika, Mzee.”

“Niliuona kweli?”

“Uliuona kweli.”

“Na mlango wa nyumbani, juzi, nilikuwa nimeufunga?”

“Mlango sijui, Mzee. Mimi ni kofia tu.”

Mzee alianza kucheka. Alicheka polepole kwanza, kama gari linalowashwa asubuhi ya baridi, kisha akashika meza, plasta ikagonga mbao, machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikakatika, na machozi yakaendelea.

“Nisamehe, Mzee,” Kamusi alilia.

“Bado,” alisema mzee akijifuta. “Nitakusamehe, lakini unajua mi-mi mambo yangu hayana haraka.” Akanyoosha mkono mzima, akauchukua ufunguo wa stoo mezani, akautia mfukoni mwake.

Ndipo Mama akasogea mbele ya binti yake. Kamusi alifumba macho akingoja kofi. Halikuja.

“Fumbua macho unisikilize. Kuiondoa kofia lilikuwa kosa. Lilikaribia kuua mtu, na kuanzia kesho utakuwa unaingia shimoni na mimi kila Jumamosi, hadi ujue kunavyokuwa kule chini. Lakini kosa lile lilichukua dakika moja, na hukulikusudia. Hili la pili ndilo linalonitisha mimi mzazi wako. Hili ulilala nalo. Kila asubuhi uliamka, ukanawa uso, ukalitazama, ukalichagua upya. Mara sita.”

“Kuna neno la Kiingereza, Mama,” Kamusi alisema kwa kwikwi. “Tumefundishwa. La mtu duni, wa kugeuziwa uso. Ni mimi, sivyo?”

“Kiingereza changu kinaishia kwenye maandishi ya kibati cha mota,” Mama alijibu. “Ila hilo nimelielewa. Kwa siku sita lilikukaa sawasawa kama gauni la kushonewa. Leo umelivua mbele ya watu, na najua limekuumiza. Usinitazame hivyo, siyo sifa. Ukilivaa tena, hatutaliita kosa lako. Tutaliita tabia yako.”

Kisha akachukua karatasi, akaandika majina ya wateja wote wanaopanga foleni pale. Yalikuwa arobaini na matatu. “Hawa wote wanaamini mzee amezeeka akili. Utakwenda mlango kwa mlango. Utasema aliyeiondoa kofia ni nani. Anza na Kiroboto.”

Kamusi alishtuka. “Umejuaje habari ya Kiroboto?”

“Sikujua lolote. Nimeona anakaa karibu. Kumbe kuna kitu?”

“Kipo, Mama.”

“Basi na hicho ukakiseme.”

Kamusi alifika mlangoni, akasikia hatua nyuma yake. Mzee Taratibu alikuwa anamfuata, mguu mmoja sasa, mwingine baadaye.

“Mzee, wewe upumzike. Unakwenda wapi?”

“Kuona nyu-so zao.”

Kwa mwendo wa mzee, kazi ile iliwachukua Ijumaa tatu. Kwa Kiroboto ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani; Kiroboto alisikiliza hadi mwisho bila kuruka hata mara moja, akafunga mlango, na ikapita wiki ndipo akaufungua. Nyumba ya pili ilikuwa ya yule mteja aliyesalimiwa mara mbili. Kamusi aliinua mkono kubisha, akaushusha.

“Naogopa.”

Mzee aliinua plasta yake. “Unaiona hii? Daktari kasema wi-ki sita, mfupa utaunga. Mkono una plasta yake. Lakini mtu ukimfanya asikiamini ki-chwa chake mwenyewe, plasta yake ni moja tu, nayo iko mdomoni mwa aliyemdanganya. Ndiyo maana ukikosa, sema siku hiyohiyo. Ukichelewa, anayeumwa ni mwingine na dawa unayo wewe. Haya, bisha.”

Kamusi akabisha. Mlango ukafunguka.

“Shikamoo,” alisema. “Nimekuja kukuambia kuhusu ile kofia. Mzee hakusahau. Ni mimi.”